Marcus Aurelius: Kaisari Aliyeihesabu Nafsi Yake

Tangu zamani wanadamu wamekuwa wakiuliza: Je, mtu akipewa mamlaka yasiyo na mpaka, aweza kubaki mwadilifu na mnyenyekevu? Plato, mwenye hekima wa Uyunani aliyefariki mwaka 347 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa a.s., alifundisha kwamba taabu za miji hazitakwisha mpaka utawala na falsafa vikutane katika mtu mmoja. Wengi waliliona jambo hilo kuwa ndoto tu. Lakini miaka 500 na zaidi baada ya kufa kwake, Dola ya Rumi, iliyotanda toka Uingereza mpaka Misri, iliingia mikononi mwa mtu aliyeipenda hekima kuliko kiti cha enzi. Mtu huyo ni Marcus Aurelius, aliyetawala toka mwaka 161 mpaka 180. (Miaka yote itakayotajwa hapa chini ni ile ya baada ya Nabii Isa, isipokuwa pale ilipoelezwa vingine.)

Ndugu msomaji, hatumsomi mtu huyu kwa kuwa alikuwa nabii. Hakuwa nabii, wala hakudai kupata wahyi. Hata katika ibada alifuata desturi za taifa lake na kutoa sadaka kwa masanamu ya Warumi. Twamsoma kwa sababu mbili. Kwanza, maisha yake yaonyesha jinsi mtu anavyoweza kupigana na nafsi yake hata akiwa juu kabisa ya watu wote. Pili, yaonyesha pia kwamba hekima ya mtu, hata iwe kubwa namna gani, yaweza kushindwa kuona dhulma iliyoko mbele ya macho yake. Mtafutaji wa dini anayahitaji mafunzo haya mawili kwa pamoja.

Kuzaliwa na Malezi Yake

Marcus alizaliwa Roma tarehe 26 Aprili mwaka 121, katika ukoo wa watu wakubwa. Baba yake alifariki yeye angali mtoto mdogo, akalelewa na babu yake pamoja na mama yake, Domitia Lucilla, mwanamke tajiri aliyekuwa na viwanda vya matofali. Inasimuliwa kwamba alipofikia umri wa miaka 12 hivi alianza kuvaa joho la wanafalsafa na kulala chini, na ilimbidi mama yake ambembeleze sana mpaka akakubali kulala kitandani. Kaisari Hadrian, aliyempenda kijana huyu kwa ukweli wake, alimwita kwa utani Verissimus, yaani mkweli kabisa.

Hadrian hakuwa na mtoto. Mwaka 138 alimfanya Antoninus kuwa mwanawe wa kupanga na mrithi wake, kwa sharti kwamba Antoninus naye amchukue Marcus na mtoto mwingine aitwaye Lucius kuwa wanawe. Hivyo Marcus, akiwa na umri wa miaka 16, alijua kwamba siku moja atatawala dunia yote iliyojulikana na Warumi. Yasemwa kwamba habari hiyo haikumfurahisha, bali aliiacha nyumba ya mama yake kwa huzuni. Kwa miaka 23 alikaa chini ya Antoninus, akijifunza kwake upole, subira na kuepuka anasa.

Alikuwa na walimu wengi. Mmoja wao ni Fronto, mzaliwa wa Cirta katika Afrika ya Kaskazini, mji ulioko leo katika nchi ya Algeria. Fronto alimfundisha ufasaha wa lugha, na barua walizoandikiana zingalipo mpaka leo. Lakini mwalimu aliyemgeuza moyo ni Junius Rusticus, ambaye alimpa kitabu cha mafundisho ya Epictetus. Tafadhali ulihifadhi jina hili la Rusticus, maana tutakutana nalo tena.

Mtumwa Aliyemfundisha Kaisari

Epictetus alikuwa nani? Alizaliwa katika mji wa Hierapolis, ulioko leo Uturuki. Alikuwa mtumwa, tena kiwete. Baada ya kupata uhuru alifundisha falsafa Roma, mpaka Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa mjini humo. Ndipo akahamia Nicopolis katika Uyunani. Yeye mwenyewe hakuandika kitabu. Mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyeyaandika maneno yake.

Epictetus alikuwa katika madhehebu ya Wastoiko. Wale miongoni mwa wasomaji wetu waliosoma Biblia watakumbuka kwamba wametajwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 17, ambamo Paulo alijadiliana nao katika mji wa Athens. Madhehebu hayo yalianzishwa na Zeno wa Kisiwa cha Kipro yapata mwaka 300 kabla ya Nabii Isa. Wastoiko walifundisha kwamba ulimwengu unaongozwa na akili moja kuu. Kwamba watu wote, bwana na mtumwa, ni jamaa kwa sababu wote wameshiriki akili hiyo. Na kwamba jema pekee la kweli ni uadilifu. Mali, afya, cheo na sifa havimo katika uwezo wetu. Leo vipo, kesho havipo. Kilichomo katika uwezo wetu ni hukumu ya nafsi zetu na matendo tunayoyachagua. Kwa hiyo mtu huru ni yule asiyeweza kushurutishwa ndani ya nafsi yake, hata mwili wake ukifungwa minyororo.

Basi tazama jambo la ajabu! Mtu aliyekuwa mtumwa ndiye aliyemfundisha Kaisari namna ya kuwa mtu huru. Ni dhahiri kwamba hekima haiulizi nasaba ya mtu, wala haibishi hodi katika majumba ya kifalme peke yake.

Mitihani ya Utawala Wake

Antoninus alifariki tarehe 7 Machi 161. Jambo la kwanza alilofanya Marcus ni kukataa kutawala peke yake. Alidai ndugu yake wa kupanga, Lucius Verus, apewe cheo sawa na chake. Na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa Dola ya Rumi kuwa na makaisari wawili kwa wakati mmoja.

Haukupita muda, misiba ikaanza kufuatana. Waparthi wa upande wa mashariki waliingia katika milki za Rumi, vita ikadumu mpaka mwaka 166. Majeshi yaliporudi yalikuja na maradhi ya kutisha, ambayo tabibu mashuhuri Galen aliyaeleza katika vitabu vyake, na ambayo wataalamu wengi wa leo wanadhani yalikuwa ndui. Watu walikufa kwa wingi mijini na makambini. Kisha makabila ya Kijerumani yalivuka mto Danube, na toka hapo sehemu kubwa ya maisha ya Marcus ilipita katika mahema ya vita. Mwaka 169 Lucius Verus akafariki, na mzigo wote ukambakia yeye.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Yeye na mkewe Faustina walipata watoto wasiopungua 13, lakini wengi walikufa wangali wadogo. Katika watoto wa kiume ni mmoja tu, Commodus, aliyeishi baada ya baba yake.

Hazina ya dola ilipokwisha kwa sababu ya vita, Marcus hakutaka kuwatwika wananchi wa majimbo kodi mpya. Badala yake aliamuru vyombo vya thamani vya jumba la kifalme, vikombe vya dhahabu na hata mavazi ya hariri ya mkewe, viuzwe kwa mnada hadharani mjini Roma. Ni wangapi katika watawala wa dunia ambao, shida ilipofika, walianza kubana nyumbani kwao kabla ya kuwabana raia?

Mwaka 175 jemadari wake Avidius Cassius, aliyekuwa akitawala Shamu, alijitangaza kuwa Kaisari. Baada ya miezi mitatu hivi, maofisa wake mwenyewe walimwua na kumpelekea Marcus kichwa chake. Marcus alikataa kukitazama, akaamuru kizikwe. Alisikitika kwamba amenyimwa nafasi ya kumsamehe adui yake, na akawaomba wazee wa Baraza la Roma wasimwage damu kwa ajili ya fitina ile.

Katika mambo ya hukumu alikuwa mwangalifu sana. Alizidisha siku za mahakama, akasikiliza kesi yeye mwenyewe, na katika maamuzi yake alielekea kuwarahisishia watumwa njia ya kupata uhuru. Hakuwapenda wapiganaji wa uwanjani waliomwaga damu ili kuwafurahisha watazamaji, na alipohudhuria mwenyewe aliwapa silaha butu. Mwaka 176 aliweka mjini Athens walimu wa kulipwa na dola kwa madhehebu manne ya falsafa, ya kwake na ya wale waliompinga pia.

Kitabu Kisichokusudiwa Watu

Usiku, katika makambi ya kando ya Danube, Kaisari huyu alikuwa akiandika. Aliandika kwa Kiyunani, lugha ya wanafalsafa, ijapokuwa lugha ya kwao ilikuwa Kilatini. Sehemu moja yasema iliandikwa katika nchi ya Waquadi, na nyingine huko Carnuntum, mahali palipo leo Austria. Hakuwaandikia watu, alijiandikia mwenyewe. Kitabu hicho cha sehemu 12 kilihifadhiwa na wanakili kwa karne nyingi, kikapigwa chapa kwa mara ya kwanza mwaka 1559 katika mji wa Zurich, na leo chasomwa duniani kote.

Sehemu ya kwanza yote ni shukrani. Anawataja mmoja mmoja: babu, baba, mama, walimu, rafiki, na Antoninus, na kueleza ni tabia gani njema aliyojifunza kwa kila mmoja. Katika sehemu nyingine anaikemea nafsi yake inapoona uvivu kuamka alfajiri. Anajiandaa kila asubuhi kukutana na watu wakorofi, na kujikumbusha kwamba hao nao ni jamaa zake. Anajihadharisha asilewe cheo. Anawahesabu wafalme waliopita na watumishi wao, ambao wote wamekwisha kuwa mavumbi, ili asijivunie sifa ya siku mbili. Na mara kwa mara anakumbuka kifo, si kwa hofu, bali ili aitumie vyema siku iliyo mbele yake.

Ndugu msomaji, kuihesabu nafsi kabla haijahesabiwa ni kazi anayoijua kila mcha Mungu. Huyu hakuwa na kitabu kilichoteremshwa, lakini kazi hiyo aliifanya kila siku. Je, sisi tulio na mwongozo tunaifanya mara ngapi kwa juma?

Doa Lisilofutika

Sasa twafika kwenye jambo zito, ambalo wanaomsifu Marcus hupenda kulipita upesi. Yapata mwaka 155, mtu mmoja aitwaye Justin, mzaliwa wa Palestina katika mji uitwao leo Nablus, aliandika utetezi wa Wakristo na kuwaelekeza Antoninus na wanawe. Justin mwenyewe alikuwa amezunguka katika madhehebu ya falsafa kabla ya kuwa Mkristo, na aliendelea kuvaa joho la wanafalsafa. Katika anwani ya utetezi huo alimtaja Marcus kwa jina lile lile la Verissimus, tena akamwita mwanafalsafa. Ombi lake lilikuwa jepesi: watu wahukumiwe kwa matendo yao, wala wasiuawe kwa ajili ya jina la dini yao tu.

Miaka kumi hivi ikapita. Marcus alikuwa sasa ndiye Kaisari. Justin akashtakiwa Roma pamoja na wenzake, wakaamriwa watoe sadaka kwa miungu ya Warumi. Walipokataa walikatwa vichwa. Na hakimu aliyetoa hukumu hiyo alikuwa nani? Alikuwa Junius Rusticus, liwali wa mji, yule yule aliyempa Marcus kitabu cha Epictetus!

Mwaka 177 yalitokea makubwa zaidi huko Lyon, katika nchi iitwayo leo Ufaransa. Kundi la watu wenye hasira liliwashambulia Wakristo, wakakamatwa na kuteswa. Askofu wao Pothinus, mzee wa zaidi ya miaka 90, alifia gerezani. Liwali alimwandikia Kaisari kuuliza afanye nini, na jibu lililokuja lilikuwa kwamba wanaoikana imani yao wafunguliwe, na wanaong'ang'ania wauawe. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo Blandina, mjakazi dhaifu wa mwili, aliyeteswa mpaka watesaji wakachoka wao, naye hakuikana imani yake.

Ni haki tuseme kwamba Marcus hakuianzisha sheria hiyo. Toka zamani za Kaisari Trajan ilikuwa desturi kwamba Wakristo wasitafutwe, lakini akishtakiwa mtu na akakataa kuikana imani, aadhibiwe. Warumi walidhani kwamba anayekataa kuitolea sadaka miungu ya dola anaisaliti dola yenyewe. Na katika siku za maradhi na vita wengi waliamini kwamba miungu imekasirika kwa sababu ya watu hao. Lakini udhuru huu watosha kwa mtu wa kawaida. Haumtoshi aliyejitwika jina la mwanafalsafa. Kazi ya mwanafalsafa ni kuichunguza desturi, na Marcus aliiacha desturi hii iendelee kuua.

Tena fikiri. Kila usiku alikuwa akijifundisha kwamba nafsi ya mtu haishurutishwi, na kwamba afadhali mtu auawe kuliko kutenda analojua kuwa baya. Blandina alifanya nini ila hilo hilo? Kaisari aliyaheshimu maneno ya mtumwa mmoja katika kitabu, na mtumwa mwingine aliyeyatimiza maneno yale kwa damu yake akauawa chini ya utawala wake. Katika kitabu chake chote Wakristo wametajwa mara moja tu, kwa dharau, na hata hapo baadhi ya wataalamu wanadhani neno hilo liliongezwa na mnakili.

Mwisho Wake na Urithi Wake

Marcus alifariki tarehe 17 Machi 180, akiwa bado vitani. Makaisari waliomtangulia, toka Nerva mpaka Antoninus, walipokea au kurithisha utawala kwa njia ya kumchagua mtu mzima aliyekwisha pimwa. Marcus alikuwa na mwana. Akamfanya Commodus mshiriki wake katika utawala mwaka 177. Pengine aliogopa kwamba akimwacha mwanawe na kumchagua mwingine, vita ya wenyewe kwa wenyewe ingezuka. Lakini Commodus aliyapenda mapigano ya uwanjani kuliko kazi ya dola, akamwaga damu ya wengi, na mwisho aliuawa kwa njama ya watu wa jumba lake mwenyewe siku ya mwisho ya mwaka 192. Baada yake vita ile iliyoogopwa ikaja vile vile.

Mjini Roma ingalipo sanamu ya shaba ya Marcus amepanda farasi, amenyosha mkono. Masanamu mengi ya namna hiyo yaliyeyushwa katika zama za baadaye, lakini hii ilisalimika kwa sababu watu waliidhani kuwa ya Constantine, Kaisari aliyewapenda Wakristo. Hivyo mfano wa yule ambaye katika siku zake Wakristo waliuawa ulihifadhiwa na Wakristo wenyewe, pasipo kujua ni wa nani!

Mafunzo Tunayoyapata

Kwanza, cheo hakimzuii mtu kuwa mwema, wala shida haimzuii. Yule aliyekuwa na vita, maradhi na misiba ya watoto alipata wakati wa kuikemea nafsi yake. Sisi tunaolalamika kwamba kazi za shamba au za ofisi zatunyima nafasi ya kuitengeneza mioyo yetu, hatuna udhuru.

Pili, hekima ichukuliwe popote ipatikanapo. Ikiwa Kaisari hakuona haya kufundishwa na aliyekuwa mtumwa, msomi asione haya kufundishwa na asiye na shule, wala mzee asione haya kufundishwa na kijana.

Tatu, na hili ndilo kubwa, wema wa mtu binafsi hautoshi ikiwa haulindi dhamiri ya mwenziwe. Mtu aweza kuwa mpole nyumbani, mkarimu kwa maskini, msamehevu kwa adui, na papo hapo akamtesa jirani yake kwa sababu tu amebadili imani. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mmeonja jambo hilo kwa wazazi na ndugu ambao, katika mambo mengine yote, ni watu wema. Msiwachukie kwa hayo. Lakini jueni pia kwamba kesho zamu yaweza kuwa yenu: atakuja mtoto wenu au mtumishi wenu na kusema kwamba moyo wake umeona njia nyingine. Siku hiyo ndipo itakapojulikana kama tumejifunza kitu. Imani iliyotoka kinywani kwa kuogopa fimbo si imani hata kidogo.

Nne, mtoto hairithi tabia ya baba kama anavyorithi nyumba yake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na hata baba mwenye hekima kuliko wote, akiishi mbali kwa shughuli zake, aweza kuiacha dola nzima mikononi mwa asiyefaa.

Maswali ya Kujipima

1. Ni mambo gani leo yaliyomo katika uwezo wako, na yapi hayamo? Unashughulika zaidi na yapi?

2. Ukiandika orodha ya shukrani kama ile ya Marcus, ungewataja akina nani, na kwa tabia gani?

3. Je, yuko mtu ambaye umemfanyia uzito kwa sababu ya imani yake tu, pasipo kosa lolote alilotenda?

4. Ni desturi ipi unayoifuata kwa kuwa umeikuta, ambayo hujapata kuichunguza kama ni ya haki?

Ndugu msomaji, yajibu maswali haya peke yako, usiku, kama alivyofanya yeye, bila ya kumwonyesha mtu. Na Mwenyezi Mungu, ajuaye yaliyomo vifuani, atujaalie macho ya kuyaona makosa yetu kabla ya kuyaona ya wenzetu, na atuepushe na hekima isiyowahurumia watu. Amin.